Ufa Uliolizaa Ziwa Letu

Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana kwa saa za Kalemie, nchi ilitikisika chini ya Ziwa Tanganyika. Wenzetu waliokuwa bado ukimbizini ng'ambo, katika kambi za mkoa wa Kigoma, walisoma saa tisa na dakika 19, kwa kuwa Tanzania hututangulia kwa saa moja. Lakini mtikisiko ulikuwa uleule. Mjini Kalemie kuta za matofali mabichi zilibomoka, mabati yakashuka juu ya vitanda na meza, watu kadhaa wakapoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Wataalamu walilipima tetemeko hilo wakalipa ukubwa wa 6.8, nalo lilisikika hata Nairobi.

Huku Lusenda, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa kitovu chake, hatukuzika mtu. Masufuria yaligongana, kuku wakatawanyika, watoto wakatoka nje mbio. Ukuta mmoja wa jiko, uliokuwa umechoka tangu mvua za mwaka uliotangulia, ukaanguka. Kabla jua halijazama nyuma ya milima, maelezo matatu yalikuwa yamekwisha kuzunguka kijiji. Wengine walisema Mungu amekasirika. Wengine walisema kuna kiumbe kikubwa kilalacho chini ya ziwa, nacho kimegeuka ubavu. Na wengine, kwa sauti ya chini, walilitaja jina la mama mmoja mzee, mjane, ambaye jiko lililoanguka lilikuwa lake. Kwa nini ukuta wake peke yake? Mama huyo aliondoka kwake usiku uleule akaenda kulala kwa ndugu zake katika kijiji cha jirani, wala hakurudi kwa miezi mingi.

Vijana wapendwa, tunaandika kwa sababu ya hayo maelezo ya tatu. Ninyi mtaishi pwani hii kwa miaka mingi kuliko sisi, na nchi itatikisika tena mkiwapo. Itakapotikisika, mtu atatafuta jina la kulitaja.

Tuanze na kile tunachokiona kila siku bila kukitazama. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, lakini ni jembamba. Katika pwani yetu, siku ya hewa safi, milima ya Burundi juu ya Rumonge huonekana kama iko karibu. Kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470. Uso wa maji uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na mafuriko yaliyoingia Uvira na Baraka miaka hii hayabadili sana hesabu hiyo. Mwenye kujua kutoa ataona mara moja kwamba sakafu ya ziwa iko mita karibu 700 chini ya usawa wa bahari, nasi tuko katikati ya bara, mbali na bahari yoyote. Hakuna mto uwezao kuchimba shimo la namna hiyo. Na chini ya sakafu hiyo limelala tope lililorundikana kwa mamilioni ya miaka, lenye unene wa kilomita kadhaa, kabla mtu hajaufikia mwamba wenyewe.

Shimo hilo halikuchimbwa. Nchi ilivutwa huku na huku mpaka ikapasuka, na sehemu ya katikati ikashuka. Mwenye kuvuta donge la ugali wa moto kwa mikono miwili huona pale katikati pakiwa pembamba na kuzama. Ndivyo ilivyokuwa, ila kwa mwendo usioweza kuonwa kwa macho. Milima ya Mitumba iliyo nyuma yetu na milima ya Burundi iliyo mbele yetu ni midomo miwili ya mpasuko mmoja. Rasi ya Ubwari, inayoikabili Baraka, ni bonge la mwamba lililobaki juu wakati pande zake mbili zilipozama. Mwingereza Richard Burton alipopita hapa kwa mtumbwi mwaka 1858 aliidhani kuwa ni kisiwa. Makasia wake wangemwambia, kama angewauliza vizuri.

Kwenye ncha ya Ubwari, mahali paitwapo Banza, maji ya moto hutoka katika nyufa za mwamba chini ya ziwa. Watafiti waliopiga mbizi hapo katika miaka ya 1980 walikuta maji yenye joto linalozidi nyuzi 100. Pemba pia, kusini kidogo ya Uvira, zipo chemchemi za namna hiyo. Maji ya ziwa hushuka kwa nyufa, hukutana na miamba yenye joto huko chini, kisha hupanda tena. Ni mlango mdogo wa kuchungulia yale yanayotendeka chini ya miguu yetu.

Basi ni nini kinachoivuta nchi? Gamba la nje la dunia, lile tunalolilima na kujenga juu yake, si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa kadhaa na madogo mengi, yenye unene wa makumi ya kilomita na hata zaidi ya mia. Mabamba hayo yamelala juu ya miamba yenye joto kali ambayo, ijapokuwa ni migumu, hujisogeza polepole mno kadiri joto la ndani ya dunia linavyotafuta njia ya kutoka. Mabamba yanachukuliwa nayo. Kuna mahali yanapogongana, kama pwani za Chile na Japani. Kuna mahali yanapopitana ubavu kwa ubavu. Na kuna mahali yanapoachana, na hapo ndipo kwetu. Fizi iko juu ya bamba la Nubia, linalobeba sehemu kubwa ya Afrika. Burundi, upande wa pili wa maji, iko juu ya bamba dogo liitwalo Victoria, lililokumbatiwa na matawi mawili ya Bonde la Ufa. Mashariki zaidi, ng'ambo ya tawi la Kenya, liko bamba la Somalia.

Kasi ya kuachana hapa kwetu ni milimita chache tu kwa mwaka, kiasi cha mbili hivi. Kijana wa miaka 20 anayesoma ukurasa huu, Rumonge imemkimbia kwa sentimita nne tangu azaliwe. Ni jambo la kuchekesha, mpaka mtu akumbuke kwamba miamba haiachani kwa upole.

Wavuvi wetu wanaijua kanuni yake. Wavu ukinasa kwenye jiwe, wavutaji huvuta, kamba hunyooka, hukaza, hulia, jiwe halitoki. Huvuta tena. Mara wavu hunasuka kwa ghafla na wote huangukia mgongo ndani ya mtumbwi. Mikono yao ilivuta kidogo kidogo, lakini anguko lilikuja mara moja. Miamba iliyo pande mbili za mpasuko hunasana vivyo hivyo. Mabamba huendelea kuvuta mwaka baada ya mwaka, miamba hujikunja na kuweka nguvu ndani yake kama upinde, mpaka siku moja msuguano hushindwa. Pande mbili huteleza kwa sekunde chache, na nguvu ya makumi au mamia ya miaka hutoka kwa mawimbi kila upande. Hilo ndilo tetemeko. Mitetemo midogo inayofuata kwa siku na majuma ni miamba ikitafuta mahali papya pa kukaa.

Maelezo hayo aliyatoa Mmarekani Harry Fielding Reid mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko lililouharibu mji wa San Francisco mwaka 1906, ambako nyua za mashamba zilikutwa zimekatika na kuhamishwa kwa mita kadhaa. Mwaka uleule wa 1910, tarehe 13 Desemba, nchi ya Rukwa, karibu na ncha ya kusini ya ziwa letu, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa barani Afrika. Vyombo vya Ulaya viliandika mawimbi yake. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili kwa wakati ule.

Hata hivyo wanadamu walikwisha kuuliza maswali hayo zamani, na jibu baya lilitolewa mahali ambapo Wakristo hawapaswi kupasahau. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kabla ya saa nne asubuhi, mji wa Lisbon katika Ureno ulitikiswa makanisa yakiwa yamejaa watu. Paa ziliwaangukia waumini, mishumaa ikawasha moto, na bahari ikapanda juu ya waliokimbilia bandarini. Maelfu kwa maelfu walikufa. Padri Gabriel Malagrida, Mjesuiti mwenye sifa ya utakatifu, aliandika kwamba sababu ilikuwa dhambi za watu wa mji, wala si nguvu za maumbile, na kwamba haifai kushughulika na kujenga vibanda wakati inapasa kutubu. Aliishia vibaya: baada ya miaka michache alinyongwa, kwa hukumu ambayo siasa za mfalme zilikuwa na mkono mrefu ndani yake. Hatumcheki. Lakini alikuwa amekosea, na kosa lake lilikwisha kujibiwa miaka 1,700 kabla yake. Injili ya Luka, sura ya 13, inasimulia kwamba Bwana wetu aliwakumbusha watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kuwa sivyo.

Tunapenda zaidi jambo jingine lililotokea Ureno. Serikali ilipeleka maswali kwa maparoko wa nchi nzima: tetemeko lilianza saa ngapi, lilidumu muda gani, nyumba ngapi zilianguka, watu wangapi walikufa, bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza. Maparoko wakajibu, kila mmoja kwa parokia yake, na majibu yao yangali yakisomwa na wataalamu mpaka leo. Ile hofu iliyomfanya mmoja atafute mkosaji, iliwafanya wengine wahesabu na kuandika. Padri mwingine, Mwitalia Giuseppe Mercalli, aliyefundisha sayansi shuleni, aliitengeneza njia hiyo vizuri zaidi mwaka 1902: kipimo kisichohitaji chombo chochote ila kuuliza watu na kutazama nyumba. Je, waliolala waliamka? Je, mabomba ya moshi yalianguka? Jina la Mercalli bado linatumika, ingawa kipimo chenyewe kimerekebishwa mara nyingi. Msikichanganye na kile kinachotajwa redioni, cha 5.9 au 6.8, ambacho asili yake ni Mmarekani Charles Richter mwaka 1935. Hicho hupima nguvu iliyotoka kwenye mpasuko, na kila hatua moja nzima ni nguvu mara 32 hivi ya hatua iliyotangulia. Cha Mercalli hupima yaliyowapata watu, mahali kwa mahali.

Habari ya mabamba ilichelewa kukubaliwa. Mwaka 1891 Eduard Suess wa Austria, bila kukanyaga Afrika, alizisoma ripoti za wasafiri akatambua kwamba maziwa na mabonde ya Afrika Mashariki ni mpasuko mmoja mkubwa. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alisema mabara yenyewe yanasafiri, na kwamba Afrika na Brazili zilikuwa nchi moja. Wengi walimpinga, na kwa haki kiasi fulani, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifia katika barafu ya Greenland mwaka 1930, hoja yake ikiwa bado inakataliwa.

Ushahidi ulipatikana baharini, na ukaletwa na mwanamke ambaye hakuruhusiwa kupanda meli. Katika miaka ya 1950, mjini New York, Marie Tharp alikuwa akichora ramani za sakafu ya Bahari ya Atlantiki kwa vipimo walivyovileta wanaume kutoka safarini. Akaona kwamba katikati ya bahari upo mlima mrefu, na juu ya mgongo wa mlima huo upo ufa. Mwenzake Bruce Heezen mwanzoni aliyaita hayo maneno ya wasichana. Lakini katika chumba hichohicho mtu mwingine alikuwa akiweka alama za vitovu vya matetemeko kwenye ramani, na walipozilinganisha, matetemeko yalifuata ufa wa Tharp. Wakitafuta mfano wa bonde la aina hiyo juu ya nchi kavu, waliukuta Afrika Mashariki. Bonde letu na la baharini yalifanana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wanasayansi wengi walikuwa wameyakubali mabamba.

Na huku kwetu? Miaka hiyohiyo ya 1950 taasisi ya utafiti ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ilikuwa na vyombo vya kupimia matetemeko, na Uvira pia palikuwa na kituo. Mbelgiji Jean-Claude De Bremaecker alizitumia kumbukumbu hizo kuonyesha, mwaka 1959, mahali matetemeko ya bonde la magharibi yanapotokea. Lwiro ipo hata leo, na Wakongo ndio wanaoyasoma maandishi ya vyombo hivyo. Sisi tuliosomea ualimu hatukuambiwa hayo darasani; tulichora ramani ya mito ya Ufaransa.

Tufike kwenye jambo linaloua. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na dakika 34 asubuhi, karibu saa ileile ya Lisbon, nchi ilitikisika karibu na Ziwa Kivu. Ukubwa ulikuwa 5.9. Bukavu iliharibika, lakini msiba mkubwa ulikuwa ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, ambako walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa wakiwa katika sala. Kwa jumla walikufa watu wapatao 40. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa huohuo liliipiga Bukoba, nchini Tanzania, wakafa watu wasiopungua 17. Yalinganisheni na lile la Rukwa la mwaka 1910, lililokuwa na nguvu zaidi ya mara 150. Wakati ule nyumba nyingi za huko zilikuwa za fito, udongo na nyasi. Nyumba ya fito huyumba na mtikisiko. Ikianguka, nyasi haziui kwa urahisi. Ukuta mrefu wa matofali mabichi, usio na nguzo pembeni wala mkanda wa kuufunga juu, hauyumbi. Hupasuka kwenye pembe, kisha huanguka kipande kizima, na mabati hufuata. Hatusemi watu warudi kwenye nyasi. Tunasema kwamba tulipoacha fito tukachukua tofali, tuliuchukua uzito bila kuchukua chuma na simenti vya kuufunga, kwa kuwa vya kwanza hupatikana mtoni na vya pili hununuliwa Uvira kwa dola.

Mwenye kujenga kwa fedha kidogo bado ana la kufanya. Kuta fupi ni bora kuliko ndefu. Madirisha yawe mbali na pembe za nyumba. Mkanda wa mbao imara uliofungwa vizuri kuzunguka kuta zote chini ya paa huzizuia kuachana. Nyumba isikae chini ya ukingo wa mlima wenye udongo ulegeao. Ndani ya nyumba, usiku, kitanda cha mtoto kisiegemee ukuta uliokwisha kupasuka.

Hakuna mtu, awe mganga au profesa, awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Anayedai kuijua anadanganya, hasa akiomba mbuzi. Kinachojulikana ni mahali, na mahali ni hapa, kwenye pwani zote mbili za ziwa, mpaka Kivu na Rwenzori upande mmoja na Rukwa upande mwingine. Kuna jambo moja zaidi ambalo vijana wetu hulipenda, nasi hulifundisha. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili: ya kwanza huenda mbio nayo hugonga kwa haraka, ya pili huja nyuma yakiwa na nguvu zaidi. Mwenye utulivu wa kuhesabu sekunde kati ya mgongo wa kwanza na mtikisiko mkubwa, akizizidisha kwa nane, atapata kilomita za kutoka alipo mpaka mahali miamba ilipokatika. Mwaka 2005 hakuna aliyehesabu hapa Lusenda. Angehesabu, angefika karibu nusu dakika, na hesabu ingemwonyesha kwamba chanzo kiko mbali; nacho kilikuwa kusini, chini ya maji ya Kalemie, kwenye mwamba ambao mjane wa Lusenda hajawahi kuuona.

Mama yule alirudi kwake baada ya mavuno ya mihogo. Walioanza maneno hawakuomba radhi. Walianza tu kumsalimu tena, kama kawaida ya kijiji. Vijana wa jumuiya walimjengea ukuta wa jiko. Walitaka kutumia matofali yaleyale yaliyoanguka, yeye akakataa, akawatuma msituni kukata fito.